Bei Yako Kabla ya Bei Yao

Mhadhara kwa umma kuhusu kupanga dau katika minada ya mtandaoni



Nitazungumzia swali moja. Kuna kitu unakitaka, kinanadiwa mtandaoni, na mfumo unakutaka uandike dau lako. Uandike kiasi gani? Watu wengi hulijibu kwa kuangalia wenzao wamefika wapi, kisha wanaongeza kidogo. Wakipitwa, wanaongeza tena. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba njia hiyo ndiyo inayowamaliza watu fedha. Dau zuri linapatikana kabla ya mnada kuanza, kwa kalamu na karatasi, na hesabu yake haianzii kwa washindani.

Swali hili linatuhusu wengi kuliko tunavyodhani. Kijana wa Kinondoni anayeagiza Toyota IST kupitia wakala wa Japani yuko mnadani, hata kama yeye anachokiona ni picha za WhatsApp tu. Mnunuzi wa chai wa Mombasa, ambaye hadi mwaka 2020 alikaa ukumbini na kutaja bei kwa sauti, sasa ananunua kwenye skrini. Korosho za Mtwara na Lindi, zilizozoeleka kuuzwa kwa bahasha za zabuni, katika misimu ya karibuni zimeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kila mmoja wa wanunuzi hao anaandika namba, na akikosea namba hiyo hakuna wa kumrudishia.

Mnada ulioizoesha dunia kununua kwa njia hii ulianzia California, Septemba 1995, pale mtaalamu wa programu za kompyuta Pierre Omidyar alipofungua tovuti aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ikawa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika. Ilichukuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kifaa hicho ni kibovu, akajibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu mbovu za leza. Naithamini habari hii kwa sababu inajibu swali ninaloulizwa mara kwa mara, la "bei yake halali ni ngapi?" Kwa kitu unachokinunua ili ukitumie mwenyewe, thamani iko kwako. Jirani yako anaweza kukipa thamani ya sifuri, na nyote wawili mkawa sahihi.

Sasa tazameni kanuni ya eBay. Unaandika kiwango chako cha juu kabisa, mfumo unakificha, halafu unakupandishia dau kidogo kidogo kila anapotokea mshindani, kwa kiasi kinachotosha tu kumpita. Ukiandika dola 50 na mshindani wako wa karibu akawa ameandika 38, utalipa 39. Dola 11 zilizobaki zinabaki mfukoni mwako, na hakuna aliyejua kwamba ungefika huko.

Aliyeeleza kwa hesabu nguvu ya kanuni ya namna hii ni William Vickrey, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala yake ya mwaka 1961. Alichunguza mnada wa bahasha ambamo aliyeandika kiasi kikubwa kuliko wote anashinda, lakini analipa kile alichoandika wa pili wake. Wauza stempu wa Marekani walikuwa wakiuza hivyo tangu 1893 bila kungoja nadharia ya mtu yeyote. Vickrey alithibitisha kwamba mnunuzi anayejua kitu kina thamani gani kwake hana sababu ya kuandika chini ya hapo wala juu ya hapo. Tuseme thamani hiyo ni dola 50. Ukiandika 45, hupunguzi utakacholipa hata senti moja, maana bei inawekwa na wa pili. Unachofanya ni kumwachia mtu wa 47 kitu ambacho ungekipata kwa 47 ukabaki na faida ya 3. Ukiandika 60, unajiongezea ushindi wa aina moja tu, ule wa kulipa 55 kwa kitu cha 50. Mwaka 1996 Vickrey alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akafariki dunia siku tatu baadaye.

Kwa hiyo katika mnada wa namna hii, kupanga dau ni kupanga thamani. Watu husikia hivyo wakadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, na hapa nitakaa kidogo.

Chukueni gari la Japani, kwa kuwa wengi wetu tunalifahamu. Kule, magari yaliyotumika huuzwa kwa jumla katika minada ya wanachama. Kampuni kubwa kuliko zote ni USS, na uwanja wake wa Tokyo, ambao kwa kweli uko Noda katika mkoa wa Chiba, hupitisha maelfu ya magari katika siku moja ya mnada. Kila gari hunadiwa kwa muda mfupi sana, unaohesabiwa kwa sekunde. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi haingii humo mwenyewe. Anapitia kwa wakala mwanachama. Anachotumiwa ni karatasi ya mnada, ambayo mkaguzi wa uwanja ameijaza baada ya kulikagua gari. Ina daraja la jumla, 4 au 3.5 kwa gari zuri la kawaida, na herufi R au RA kwa lililopata ajali likatengenezwa. Ina herufi ya hali ya ndani. Ina mchoro wa gari wenye alama ndogo: A kwa mkwaruzo, U kwa palipobonyea, W kwa palipowahi kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya, na namba pembeni inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Asiyejua kuisoma karatasi hiyo atafute anayejua, kwa maana ndiyo macho pekee aliyonayo.

Mnunuzi wetu akishaipata, mara nyingi anauliza: magari kama haya huko yanakwenda yen ngapi? Swali hilo ni zuri, lakini linakuja la pili. La kwanza ni hili: gari kama hili, la mwaka huu na hali hii, linauzwa shilingi ngapi yadi hapa nyumbani, likiwa na namba zake za usajili, tayari kuingia barabarani? Bei hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu, na kila kitu kinatolewa humo.

Kinachotoka kwanza ni kodi, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kodi ya gari lililotumika kwa kiasi kikubwa haifuati bei uliyolipa mnadani. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hutumia kanzidata yake ya thamani za magari. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, huanza na orodha ya bei za rejareja za magari, kisha hupunguza kwa uchakavu kulingana na umri. Ukibahatika kulipata gari kwa bei ya kutupa, kodi haishuki pamoja nawe. Kwa mtoa dau hii ni habari nzuri akiielewa, kwa sababu kodi inakuwa kiasi kinachojulikana mapema, na anaweza kuitoa yote kwenye hesabu kabla ya kufikiria yen hata moja. Umri nao una uzito wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, kiasi kwamba gari linaloonekana rahisi mnadani kwa sababu ya uzee wake linaweza kuwa ghali kuliko lenye umri mdogo likishafika.

Nitaweka namba, na ni za mfano tu, ili tuone mtiririko. Gari linauzwa yadi shilingi milioni 18. Kodi zote, milioni 7, zimebaki 11. Meli na bima, milioni 3, zimebaki 8. Gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili, milioni 1.2; zimebaki 6.8. Ada ya wakala wa Japani pamoja na usafiri wa kutoka uwanja wa mnada hadi bandari ya kule, laki 8. Zimebaki milioni 6. Matairi, betri na marekebisho ambayo gari la safari ndefu halikosi, laki 7, zimebaki 5.3.

Wengi wakifika 5.3 wanasimama na kuliandika kama dau. Mimi nasema bado. Ukinunua yadi, unawasha injini ukasikiliza, unaingia chini ya gari na fundi wako, na jioni unaondoka nalo. Ukinunua mnadani, unalipa leo kwa gari ambalo hujaliona, unasubiri meli kwa wiki nyingi, na kukiwa na kasoro ambayo mkaguzi hakuiandika, ni yako. Kama mwisho wa yote gharama zitakuwa sawa na za yadi, umebeba hatari hiyo bure. Lazima ujilipe kwa kusubiri na kwa kutoona. Tuseme milioni 1. Kikomo chako ni milioni 4.3, na kibadilishe kwa yen kwa kuacha nafasi kidogo, kwa sababu shilingi inaweza kuyumba kati ya siku ya dau na siku ya malipo.

Hapo ndipo lile swali la "huko yanakwenda yen ngapi" linapata kazi yake. Minada ya Japani huhifadhi kumbukumbu za bei zilizofikiwa, na wakala makini anaweza kukuonyesha za magari yanayofanana na lako katika wiki zilizopita. Kama mengi yalikwenda kwa thamani ya milioni 4, weka dau lako ukae na subira. Utalipata, kama si wiki hii ni ijayo. Kama yalikwenda kwa 5.5, basi hesabu yako imekuambia jambo la thamani kubwa, kwamba gari hilo kwa njia hiyo halikufai. Badilisha aina, au nenda yadi. Mtu anayepandisha kikomo chake kutoka 4.3 hadi 5.5 eti kwa sababu "ndiyo bei ya soko" amesahau kwamba wale waliolipa 5.5 huenda wanalipeleka gari nchi yenye kodi tofauti na soko tofauti na lake.

Wanunuzi wa chai wa Mombasa wana nidhamu ninayotamani iigwe. Chai inayouzwa pale inatoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko, na sampuli zake husambazwa kabla ya siku ya mnada. Zinachemshwa, zinaonjwa kikombe kwa kikombe, kila fungu linapewa thamani yake. Mnada ulipohamia mtandaoni kazi ya kuonja haikuhama. Ilibaki pale pale, kabla ya kutoa bei.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya uchumi hulipitia haraka: ukishapata kikomo chako, unamkabidhi nani? Kwenye eBay unaikabidhi mashine. Katika mnada wa Japani unamkabidhi binadamu, ambaye ada yake anaipata gari likinunuliwa, na ambaye pengine ana magari mengine ya kukuuzia.

Kuna kisa cha mwaka 1797 ambacho wanauchumi wanakipenda sana. Mshairi wa Kijerumani Goethe alitaka kuuza utenzi wake Hermann und Dorothea, na alitaka kujua mchapishaji Vieweg wa Berlin anauthamini kiasi gani hasa. Akaandika kiasi anachotaka kwenye karatasi, akaifunga, akampa mpatanishi wao, Böttiger, aitunze. Masharti yakawa haya: Vieweg ataje bei yake bila kuiona karatasi. Akitaja chini ya kilichoandikwa, mazungumzo yamekwisha. Akitaja zaidi, atalipa kile tu kilichoandikwa. Ukitazama vizuri utaona ni mnada wa Vickrey, zaidi ya miaka mia moja na sitini kabla ya Vickrey. Mchapishaji hakuwa na sababu ya kuficha thamani yake halisi. Ndani ya karatasi kulikuwa na thaler 1,000 za dhahabu. Vieweg naye akataja 1,000 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Watafiti waliochunguza barua zao wanaamini kwamba Böttiger alivujisha namba. Goethe alilipwa fedha aliyoitaka, ila siri ambayo aliutunga mpango wote ili aijue hakuipata.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kwa wakala usiyemfahamu, usimwambie bajeti yako yote. Mwambie kikomo cha dau lenyewe, kwa gari moja lililotajwa kwa namba yake ya mnada, kwa maandishi. Mnada ukiisha, mdai bei iliyofikiwa, iwe umeshinda au umeshindwa. Kama mwezi mzima kila gari "linashindikana kidogo tu" juu ya kikomo chako, au kila unaposhinda unashinda kwa kikomo kamili bila kupungua hata yen elfu moja, tafuta wakala mwingine.

Hadi hapa nimezungumza na anayenunua ili atumie. Humu ndani wapo pia wanaonunua ili wauze, na kwao kuna mtego mkubwa zaidi.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walichapisha makala iliyoeleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Zilikuwa na wataalamu wazuri, na makadirio yao kwa wastani hayakuwa mabaya. Tatizo lilikuwa kwamba anayeshinda mnada si mkadiriaji wa wastani. Kitalu kina mafuta kiasi kile kile kwa kila mtu. Wanaotofautiana ni wakadiriaji, wengine wanakosea kwenda chini, wengine kwenda juu, na anayeshinda ni yule aliyekosea kwenda juu kuliko wote. Hii ndiyo inayoitwa laana ya mshindi.

Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson walichapisha jaribio lililoiweka laana hiyo mezani. Waliwanadia wanafunzi wa biashara mitungi iliyojaa sarafu na vitu vidogo vyenye thamani ya dola 8 kila mmoja, bila wao kuijua thamani hiyo. Wastani wa makadirio ya wanafunzi ulikuwa dola 5.13, yaani kama kundi walikuwa waoga, walikadiria chini. Hata hivyo wastani wa dau lililoshinda ulikuwa dola 10.01. Kundi lililokadiria chini lilitoa washindi waliopata hasara ya dola 2 kwa wastani.

Tafakarini namba hizo, mnaonunua makontena ya vipuri, simu za jumla, au mali za forodha zinazotangazwa kuuzwa kama zilivyo na mahali zilipo. Kontena unaloliona kwa picha lina thamani moja kwa wafanyabiashara wote, maana wote mtaenda kuliuza sokoni kwa bei ile ile. Mko ishirini mnaokadiria. Ukishinda, wenzako kumi na tisa wameliona kontena lile lile wakaamua lina thamani ndogo kuliko ulivyoamua wewe. Habari hiyo unaipata baada ya kushinda, ikiwa imechelewa, kwa hiyo inakupasa uiweke kwenye hesabu kabla. Jiulize: nikiambiwa sasa hivi kwamba kadirio langu ndilo kubwa kuliko yote, bado nitaliamini? Kwa mtu mkweli jibu ni kwamba atalipunguza. Na wanavyozidi kuwa wengi wanaokadiria, ndivyo inavyopasa kulipunguza zaidi, kwa sababu kati ya watu hamsini, aliyekosea kuliko wote amekosea sana.

Hisia zetu zinatuelekeza upande wa pili kabisa. Tukiona watu wengi wanakigombea kitu, tunasema lazima kina thamani, tunapanda. Kwa mali ya kuuza tena, mnada uliojaa watu ni mahali pa kushusha kadirio. Na anayenufaika ni yule mwenye habari ambazo wenzake hawana: aliyekwenda kulifungua kontena siku ya ukaguzi, anayemjua fundi wa mashine zile, mwenye wateja wa uhakika. Kama huna habari ya ziada na bado unaelekea kushinda, simama ujiulize ni nini wenzako wanakijua.

Nipite haraka kwenye minada ambayo mshindi analipa kile alichoandika mwenyewe, kama zabuni nyingi za bahasha, ziwe za karatasi au za kielektroniki. Hapo kuandika thamani yako kamili ni kufanya kazi bure, kwa maana ukishinda hubaki na kitu. Lazima ushushe. Vickrey alionyesha katika makala ile ile kwamba kama thamani za washindani zimetawanyika sawasawa kuanzia sifuri na kila mmoja anajua yake tu, mkiwa wawili dau linalofaa ni nusu ya thamani yako. Mkiwa watano, ni sehemu nne kwa tano. Mkiwa kumi, ni tisa kwa kumi. Hesabu hiyo ni ya dunia iliyorahisishwa, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Kabla ya dau la kwanza soma kanuni za mnada husika ujue unalipa la nani, lako au la wa pili. Nashangaa ni wangapi hutoa fedha bila kulijua hilo.

Sasa tuseme hesabu yako imekamilika. Kikomo ni milioni 4.3. Safari hii umeingia mwenyewe kwenye mnada unaopanda mbele ya macho yako, na bei imefika 4.35. Kitu kimoja tu kinakutenganisha na gari, shilingi elfu hamsini na kitu. Hapa ndipo watu wanapoangukia. Mwaka 1999 jiji la Chicago lilipiga mnada sanamu za ng'ombe zilizokuwa zimepamba mitaa yake, nyingine kwa intaneti, nyingine ukumbini. Watafiti Gillian Ku, Deepak Malhotra na Keith Murnighan waliichunguza minada hiyo, wakawakuta wanunuzi waliovuka vikomo walivyojiwekea wenyewe. Sababu walizozichambua tunazifahamu: mshindani amebaki mmoja, saa inakwenda, watu wanatazama, na umekwisha kujiona mwenye mali.

Dawa ninayoiamini ni kutokuwapo. Katika mnada wenye mfumo wa kukupandishia dau, andika kikomo chako mara moja, kisha funga simu. Ukiona huwezi kujizuia kuchungulia, andika dakika za mwisho kabisa. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha eBay, ambako mnada hufungwa saa iliyopangwa bila nyongeza, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambako dau la dakika za mwisho liliongeza muda mpaka dakika kumi zipite kimya. Madau ya mwisho mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay, na wazoefu ndio waliochelewa zaidi. Mzoefu anajua kwamba wapo watu wanaopanga bei kwa kumtazama yeye, hivyo anawanyima cha kutazama. Anayekusanya vitu vya kale ana sababu ya ziada, kwa kuwa dau lake la mapema linawaambia wengine kwamba kitu kile ni halisi.

Wapo pia wanaotazamwa kwa makusudi. Mwaka 2000 mchoro uliofanywa uonekane kuwa wa Richard Diebenkorn ulifika dola 135,805 kwenye eBay, na ikagundulika kwamba muuzaji alikuwa akitoa madau kwenye mali yake mwenyewe. Biashara ikafutwa, kesi ikafunguliwa. Anayefuata bei za wengine anaweza kuwa anamfuata muuzaji. Mwenye kikomo chake hapandishwi na madau ya namna hiyo kupita pale alipokwisha kuamua. Na kuna minada ambayo kikomo hakisaidii chochote: ile inayotoza ada kwa kila dau, ushinde ushindwe, kama Swoopo iliyoanzia Ujerumani mwaka 2005 na kufilisika mwaka 2011. Humo fedha ya aliyeshindwa hairudi. Dau linalofaa humo ni sifuri.

Nimalizie na ombi kwa wanaoendesha minada ya umma katika nchi zetu, kuanzia forodha na halmashauri hadi masoko ya mazao. Mnunuzi anaweza kujifunza yote niliyoyasema na bado akabaki gizani kama hajui vitu vilivyotangulia viliuzwa kwa kiasi gani. Kila mnada ukifungwa, bei iliyofikiwa iwekwe mahali pa wazi, pamoja na idadi ya walioshindana na hali ya mali ilivyoelezwa, na ihifadhiwe kwa miaka, bure, kwa namna ambayo mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuifikia. Ninyi vijana mnaojua kutengeneza programu msingoje hadi jambo hilo liagizwe. Anzeni na magari. Vikokotoo vya kodi viko kwenye tovuti, bei za yadi zinatangazwa kila siku, na kumbukumbu za minada ya Japani zinapatikana kupitia mawakala. Jengeni chombo kitakachompa mnunuzi wa Temeke au Likoni kikomo chake kwa shilingi, kabla mtu yeyote hajamwonyesha picha ya gari.